Walioshika Kamba

Mtoto wa Shella akirambwa mkono na mbwa, nyumbani hakuna mjadala. Mkono unaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo, na nguo iliyopata mate inafuata. Ndivyo madhehebu ya Shafi yanavyofundisha, na mtaa huu mkongwe wa Malindi, wenye Msikiti wa Ijumaa na makaburi yake ya mnara, umelelewa kwa mafundisho hayo. Mgeni akiona watu wanavyokusanya kanzu zao mbwa anapopita ufuoni, huondoka akisema kwamba watu wa pwani wanamchukia mbwa. Huyo ameona nusu ya habari.

Vitabu vile vile vinavyotaja udongo vina mlango mzima wa uwindaji. Aya ya nne ya Sura ya Al-Maida inahalalisha mawindo yaliyokamatwa na mnyama aliyefundishwa, na wanazuoni wakaeleza kufundishwa ni nini: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, na akishakamata asile bali amngojee bwana wake. Mwenye mbwa hupiga bismillahi anapomwachia. Mbwa wa kuwinda, mbwa wa mifugo na mbwa wa shamba walitolewa katika katazo la kufuga. Kwa hiyo mwanachuoni wa pwani akiletewa habari ya mbwa alikuwa na maswali yake: kafunzwa na nani, na anafanya kazi gani?

Maswali hayo ndiyo ninayoyachukua kuwa taa ya kusomea historia ya mbwa ambao Malindi haikuwahi kuwazaa, mbwa wakubwa wa Ufaransa wanaowinda kwa pua, na vitukuu vyao walioteremshwa Mombasa mwaka 1911 ili wakawasake simba. Habari zao zimeandikwa sana, lakini karibu zote zimeandikwa kwa jina la mwenye mbwa. Aliyemlisha, aliyemtoa kupe, aliyeshika kamba, huyo inabidi atafutwe pembeni mwa ukurasa.

Tuanzie Gascogne, nchi iliyo kusini magharibi ya Ufaransa, chini ya milima ya Pyrenees. Huko ndiko anakotoka mbwa aitwaye Grand Bleu de Gascogne, na anastahili kuelezwa kwa utulivu maana hafanani na mbwa yeyote anayekatiza vichochoro vya Shella. Dume lake husimama sentimita 65 hadi 72 kutoka ardhini hadi begani. Manyoya yake ni mafupi na meupe, lakini yamenyunyiziwa madoadoa meusi kwa wingi hata kwa mbali mwili mzima unaonekana wa samawati ya mawe. Juu ya kila jicho ana doa la kahawia, kana kwamba ana macho manne. Masikio yameanzia chini, yamejikunja, yanafika mpaka ncha ya pua ukiyavuta. Sauti yake si ya kubweka bali ni ya kulia, nzito na ndefu, na wawindaji wa Gascogne waliisikiliza kama watu wa bandarini wanavyosikiliza honi ya meli: kwa sauti peke yake walijua mbwa yuko wapi, na kama harufu ni ya sasa au ya jana. Mbio hana. Alicho nacho ni kutochoka. Akiishika harufu ya saa kadhaa zilizopita ataifuata polepole, pua chini, mpaka mwisho wake. Zamani mwisho huo ulikuwa mbwamwitu, dubu au nguruwe mwitu. Mbwamwitu walipokwisha Ufaransa, kazi ya mbwa huyu ilipungua, na idadi yake nayo.

Bwana mmoja wa nchi hiyo, Gaston Fébus, mtawala wa Foix, alianza mwaka 1387 kuandika kitabu cha uwindaji kilichokuja kunakiliwa na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi. Alikuwa tajiri, mkali, na mpenda mbwa kupita kiasi. Alikufa mwaka 1391, siku aliyorudi kuwinda dubu, akinawa mikono kabla ya chakula. Kinachonivuta katika kitabu chake si dubu, ni mtoto. Fébus anataka banda la mbwa liwe na majani makavu yanayobadilishwa, maji safi, na uwanja wa kuota jua. Mbwa wachanwe manyoya na watembezwe. Na usiku mtoto alale bandani pamoja nao, ili wakianza kugombana awatulize. Mtoto huyo alianza kazi akiwa mdogo sana, akajifunza majina na rangi za mbwa wote kabla ya kuruhusiwa kushika pembe ya kupulizia. Ufundi wote uliosifiwa wa mabwana wa Gascogne ulisimama juu ya usingizi wake uliokatikakatika.

Karne nne baadaye mbwa wa Kifaransa walivuka Atlantiki. Mwaka 1785 Jenerali Lafayette alimpelekea rafiki yake George Washington zawadi ya mbwa saba wa kuwinda. Katika meli hiyo alikuwamo kijana John Quincy Adams, ambaye baadaye alikuja kuwa rais, na ndiye aliyetakiwa awaangalie njiani. Walipofika New York, Adams aliendelea na safari zake na mbwa wakaachwa wengine wawapeleke, jambo lililomchukiza Washington. Mbwa walifika shambani kwake Mount Vernon mwezi wa Agosti. Wapenzi wa mbwa wa Marekani huwahesabu kuwa wa damu ya Gascogne. Mmoja wao, Vulcan, ameingia katika masimulizi ya familia kwa kuiba paja zima la nguruwe jikoni na kutoka nalo mbio siku ya wageni. Watumwa wa jikoni walimkimbiza, Washington akacheka, mkewe hakucheka.

Msimulizi hutaja kicheko akapita. Lakini aliyewaongoza mbwa wa Washington porini ni mtumwa, William Lee, mtu mweusi aliyesifiwa kwa kupanda farasi na kupenya vichaka vilivyowashinda wengine. Aliwajua mbwa kwa sauti zao. Jina lake tunalo kwa sababu alikuwa mtumwa wa mtu mashuhuri, na kwa sababu Washington alimwachia huru katika wosia wake. Wenzake wa mashamba mengine ya Kusini hawakuandikwa.

Damu ya mbwa hao wa Ufaransa, ikichanganywa na ya mbwa wa Uingereza, ilienea majimbo ya Kusini ya Marekani. Walifundishwa kusaka dubu na mbweha. Na zilikuwako pia pua zilizofundishwa kumsaka mtu: mtumwa akitoroka shamba la pamba, mbwa walinusishwa nguo yake wakatiwa njiani.

Pwani yetu inaijua habari ya watoro, ila kwa sura nyingine. Malindi iliyofufuliwa kama mji wa mashamba katika miaka ya 1860, chini ya masultani wa Zanzibar, ililimwa na watumwa: mtama, ufuta, mahindi, vyombo vikipakia nafaka kwenda Arabuni. Waliokimbia waliingia bara, wakajenga vijiji vyao Makongeni na Fuladoyo, wakalima na kujihami. Mabwana wa pwani waliwaendea kwa watu wenye bunduki. Utumwa ulifutwa rasmi hapa pwani, chini ya himaya ya Waingereza, mwaka 1907. Miaka minne tu baadaye ndipo meli ilipoleta mbwa kutoka Mississippi.

Mwenye mbwa aliitwa Paul Rainey. Alizaliwa mwaka 1877, mrithi wa mali ya makaa ya mawe, akanunua ardhi kubwa Mississippi kwa ajili ya farasi, mbwa na kuwinda. Mississippi ilikuwa na sifa yake. Huko ndiko mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt alipokwenda kuwinda dubu, akaletewa dubu aliyefungwa kamba mtini, akakataa kumpiga risasi. Magazeti yakafanya katuni, na vinyago vya dubu vya watoto vikapata jina lake. Aliyemsaka dubu yule na kumfunga ni Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa, bingwa wa mbwa kuliko wote wa jimbo lile. Roosevelt alipita Mombasa mwezi wa Aprili 1909 kuja kuwinda bara. Rainey alipofuata mwaka 1911 alitaka jambo ambalo Roosevelt hakulifanya: kuwawinda simba kwa kundi la mbwa wa dubu.

Kilindini wakati huo haikuwa na gati za maji marefu. Zilikuja mwaka 1926. Meli ilitia nanga katikati, mizigo ikashushwa kwenye matishari, na mahamali wakaitoa pwani kwa mabega. Mbwa hawa nao walipita njia hiyo. Mtu anaweza kuiona shida ya yule hamali Mwislamu, saa sita za mchana, amekabidhiwa tundu la mbwa wanaodondosha mate, na sala ya adhuhuri inakaribia. Hakuna aliyemwandika. Kutoka hapo mbwa walipandishwa gari moshi la Uganda Railway.

Bara walifanya walichofundishwa. Mwalimu wao alikuwa Er Shelley, Mmarekani aliyekuwa na jina kwa kufundisha mbwa wa ndege, na baadaye akaandika kitabu kuhusu safari hizo. Mbinu yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Asubuhi na mapema, umande ungalipo na harufu imelala ardhini, mbwa wenye pua walitiwa kwenye nyayo za usiku. Waliifuata harufu wakilia. Nyuma yao walikwenda mbwa wa kupambana, wadogo na wakali, na nyuma yao wapanda farasi. Simba akichoka kukimbia hugeuka. Mbwa humzunguka wakipiga kelele bila kumkaribia sana, naye huwa amejishughulisha nao kiasi cha kutomwona mtu mwenye bunduki. Simba waliuawa kwa makumi. Mbwa nao walikufa, kwa makucha, kwa chui waliojificha mawemawe, kwa joto na maradhi.

Rainey alipenda kamera kama alivyopenda bunduki. Filamu ya safari yake ilionyeshwa New York mwaka 1912 na ikajaza watu kwa miezi mingi. Pamoja naye alikuwako Edmund Heller, mtaalamu wa wanyama aliyekusanya ngozi na mafuvu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Mwanzoni mwa 1914, katika kutafuta picha nyingine za simba akishambulia, mwindaji Fritz Schindelar aliyeajiriwa kwa kazi hiyo alijeruhiwa na simba akafa. Rainey mwenyewe alikufa baharini Septemba 1923, siku ya kuzaliwa kwake. Lango la shaba la bustani ya wanyama ya Bronx limejengwa kwa kumbukumbu yake. Wahenga wetu walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na kwa Rainey methali hiyo inakaa sawasawa: wale mbwa wa Mississippi walikuwa wamebeba hamu ya bwana wao, wala si yao.

Baada ya mbwa wa Rainey walikuja wengine wa kifahari. Mwandishi Karen Blixen, aliyefunga ndoa Mombasa mwezi wa Januari 1914, alikuja na Dusk, mbwa mrefu wa Uskochi wa kukimbiza paa, aliyepewa kama zawadi ya harusi. Hao si Wafaransa, na wanawinda kwa macho zaidi kuliko pua, basi nisikae nao. Nawataja kwa sababu ya Takaungu. Rafiki yake, Denys Finch Hatton, alikuwa na nyumba ya ufuoni hapo, kusini kidogo ya Kilifi. Ndege yake ilipoanguka Voi tarehe 14 Mei 1931 alikufa pamoja na mtumishi wake Kamau, na vitabu vingi vinavyomlilia Finch Hatton humpa Kamau mstari mmoja.

Na wawindaji wa nchi hii? Karibu na Malindi, katika msitu wa Arabuko-Sokoke, watu wa vijiji vya jirani waliwinda kwa mitego na kwa mbwa wadogo wa kienyeji, wekundu au wa manjano, mbavu nje, mkia umejikunja. Walitafuta paa, kanga na wanyama wadogo wa chungu cha jioni. Ndani zaidi, kuelekea Tsavo, Wawaata waliwinda ndovu kwa uta mkubwa ambao wanaume wengi wa Ulaya walishindwa kuuvuta, na kwa mshale wenye sumu iliyochemshwa kutoka mtini. Bwana aliyekuja na treni ya mbwa aliitwa mwanamichezo. Hawa waliitwa majangili, na katika kampeni ya miaka ya 1956 na 1957 wengi wao walitiwa jela. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, sheria iliwafikia wote, ingawa wengine walikuwa tayari wameshalipa.

Zamu ya mbwa mkubwa kurudi ilikuja kwa mlango mwingine. Gascogne ana jamaa yake, mbwa wa Saint-Hubert, aliyefugwa na watawa wa abasia ya jina hilo katika misitu ya Ardennes, na kila mwaka watawa walimpelekea mfalme wa Ufaransa mbwa kadhaa. Nchi hiyo leo ni Ubelgiji. Waingereza walimchukua, wakamwita Bloodhound, na huko ndiko alikosalimika wakati kwao alikuwa karibu kutoweka. Ni mzito, dume lake hufika kilo 50 na zaidi, ngozi imemzidi mwili, uso wote mikunjo. Pua yake inakisiwa kuwa na seli za kunusa karibu milioni 300, na ya binadamu kama milioni 5 au 6. Huyu hasemi lolote kuhusu simba. Anafuata mtu.

Lewa, huko Meru, na katika hifadhi ya Mara, mbwa wa aina hii wamekuwa wakitumiwa kufuata nyayo za majangili. Askari wakikuta mzoga wa faru au ndovu, mbwa hunusishwa kilichoachwa, kiatu, shuka, hata jiwe alilokalia mtu, kisha hufungwa mkanda wa kifuani na kamba ndefu. Hafunguliwi. Tofauti na mbwa wa Rainey waliotangulia maili nzima, huyu anavuta na binadamu anakimbia nyuma yake, pengine saa nyingi, akimsoma kwa mkia na kichwa: hapa harufu imekatika, hapa imegeuka, hapa ameishika tena. Kazi ni ya wawili. Mbwa hodari mikononi mwa mtu asiyemjua hufika mtoni akasimama, na mtu akadhani njia imekwisha.

Hapo ndipo utunzaji unapokuwa nusu ya kazi, na kwa anayefikiria kumweka mbwa wa namna hii mwambao wa Malindi ningemwambia mambo machache bila kumpamba. Joto letu lenye unyevu ni adui wake wa kwanza. Atembezwe alfajiri, au baada ya magharibi. Mchana akae kivulini penye upepo na maji. Masikio yale marefu yanafunika tundu la sikio lisipate hewa, na katika unyevu wa pwani huvunda upesi. Yafunuliwe, yasafishwe na kukaushwa kila wiki, na ukisikia harufu ya uchachu usingoje. Mikunjo ya uso ifutwe. Kupe atafutwe kila siku kwa vidole, ndani ya sikio, kwapani, kati ya vidole vya miguu, maana homa ya kupe huwaua mbwa wageni haraka kuliko wenyeji. Mchanga wa Kilifi una funza, na mbwa akipata funza miguuni nyumba nzima itawapata. Chakula kigawanywe mara mbili, na asilishwe akitoka mbio, kwa kuwa mbwa wenye kifua kirefu hujaa gesi, tumbo likajipindua, akafa kabla ya daktari wa mifugo kufika. Na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Ugonjwa huo ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja viungani mwa Nairobi, na haujaondoka. Waathirika wengi ni watoto.

Mwislamu wa Shella akiuliza hukumu ya kuajiriwa kushika mbwa wa namna hiyo, hatakosa jibu katika vitabu vyake. Kazi ni ya ulinzi, mbwa amefunzwa, mikono huoshwa, na nguo za kazini hazivaliwi msikitini. Tangu 2014 shirika la African Wildlife Foundation limekuwa na mpango wa kufundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu na faru, na kituo chake kipo Usa River, karibu na Arusha. Mbwa na askari hujifunza pamoja huko kabla ya kupelekwa vituoni, na bandari ya Mombasa ni mojawapo. Mbwa wa bandarini si wa Gascogne wala Saint-Hubert. Ni wa aina nyepesi zaidi, wanaoweza kupanda juu ya magunia na kuingia penye upenyo. Lakini elimu ni ile ile ya Fébus: mtu mmoja, mbwa mmoja, kuamka pamoja.

Kilindini ina makontena kwa maelfu, na jua la saa saba huyafanya yawe tanuri. Mbwa hawezi kuyapitia moja moja. Kwa hiyo imeletwa njia nyingine: hewa ya ndani ya kontena hunyonywa kwa mashine kupitia kichujio, kichujio hupelekwa chumba chenye ubaridi, na mbwa hupitishwa mbele ya vichujio vilivyopangwa. Mshika mbwa husimama kando asimwelekeze hata kwa jicho, kwa sababu mbwa anayempenda mtu wake husoma uso wake kabla ya kunusa. Akipita vyote, makontena yanaendelea na safari. Akikaa kitako mbele ya kimojawapo, hupewa mpira wake, na namba ya kontena hilo inapelekwa kwa watu wa forodha.